Sare Moja Tuliyoiacha Nyumbani

Mwezi wa Novemba 2024 niliwapa wanafunzi wangu zoezi ambalo nilidhani lingemalizika kwa dakika kumi. Ilikuwa Ijumaa tarehe 15. Jioni iliyotangulia, timu ya taifa ya Rwanda ilikuwa imefungwa na Libya bao 1-0 katika Uwanja wa Amahoro hapa Kigali, na darasa zima lilikuwa limenuna. Nikaona heri niitumie huzuni hiyo kufundishia. Nikaandika ubaoni: Je, Rwanda itafuzu kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika? Jibu kwa sentensi moja yenye sharti.

Wengi waliandika nilivyotarajia: tukiishinda Nigeria, Mungu akipenda, Libya ikitusaidia. Lakini msichana mmoja aketiye karibu na dirisha alinipa daftari lenye neno moja tu: "Tungalifuzu." Nikalipigia mstari mwekundu. Nikamweleza, kwa sauti ya upole ambayo walimu huitumia tunapokuwa na hakika kupita kiasi, kwamba kiambishi -ngali- hutumika kwa jambo ambalo wakati wake umekwisha pita nalo halikutokea. Mechi ya mwisho ilikuwa bado haijachezwa. Ilikuwa Jumatatu tarehe 18. Basi aandike "tukishinda" au, kama hana matumaini makubwa, "tungeshinda".

"Mwalimu," akasema, "wakati umekwisha pita. Ulipita jana."

Sikumkubalia. Kabla sijakueleza kwa nini namkumbuka, sharti nikupitishe katika hesabu ya kundi letu, maana bila hesabu hiyo hutaelewa watu wazima walikuwa wakibishania nini mitaani siku zile nne.

Amavubi, yaani nyigu kwa Kinyarwanda, ndilo jina la timu yetu. Ilikuwa Kundi D pamoja na Nigeria, Benin na Libya, na timu 2 za kwanza zilikuwa na nafasi ya kwenda Morocco kwenye fainali za 2025. Baada ya mechi 5 Nigeria ilikuwa na alama 11, imekwisha fuzu. Benin ilikuwa na 7, Rwanda 5, Libya 4. Ilibaki siku moja: Rwanda kwenda Uyo kucheza na Nigeria, Benin kwenda Tripoli kucheza na Libya. Ushindi huleta alama 3, kwa hiyo Rwanda ikishinda ingefika 8. Lakini Benin ikitoka sare tu, nayo ingefika 8, na timu zikilingana alama hutazamwa kwanza mechi zilizokutanisha timu hizo mbili. Benin ilitufunga 3-0 mjini Abidjan, sisi tukaifunga 2-1 hapa nyumbani. Kulingana, basi, hakukutufaa kitu. Yalihitajika mambo mawili kwa pamoja: Rwanda iishinde Nigeria ugenini, na Libya, ileile iliyotufunga Alhamisi, iifunge Benin.

Mambo mawili, moja mkononi mwetu, la pili mikononi mwa watu wengine kabisa. Ukiwa mwanafunzi wa Kiswahili, tazama jinsi lugha inavyokupa nafasi ya kutenganisha viwango vya tumaini. "Tukishinda, tutafuzu" ni kauli ya mtu anayeuona mlango u wazi. "Tungeshinda, tungefuzu" ni ya mtu anayeuona mlango lakini haamini kwamba ataufikia. "Tungalishinda, tungalifuzu" ni ya aliyesimama nje, na mlango umefungwa. Siku hizi wazungumzaji wengi huchanganya -nge- na -ngali-, na vitabu vya sarufi vinaendelea kulalamika. Mimi si mkali sana katika hilo. Hata hivyo, nilizisikia zote tatu katika meza moja Jumamosi usiku, na kila mtu alijua vyema ni ipi aliyoikusudia.

Meza yenyewe ilikuwa Nyamirambo, upande wa Biryogo, pale barabara ilipofungwa kwa magari na kupakwa rangi, watu wakaketi katikati yake kunywa chai. Ikiwa unajifunza Kiswahili na umebahatika kuja Kigali, nenda huko kwanza. Ndiko mtaa wa Waislamu na wafanyabiashara ulikoihifadhi lugha hii kwa miongo mingi, zamani sana kabla ya 2017 ilipofanywa lugha rasmi ya nchi. Kiswahili chao si kile cha kitabuni. Kimepambwa Kinyarwanda na maneno ya Kikongo, na wakati wa kuzungumzia mpira hakina mpinzani.

Tulikuwa watano. Palikuwa na vijana wawili waendeshao pikipiki za abiria, ambao hapa twawaita motari, palikuwa na mama auzaye sambusa, ambaye alikuwa akisimama na kuketi kwa kadiri ya wateja, nilikuwepo mimi, na palikuwa na mzee mmoja wa mtaa ambaye hakuna amwitaye kwa jina, yeye ni Mzee tu. Motari wa kwanza alikuwa amekata tamaa. "Kuishinda Nigeria kwao? Hata tungewafunga, Benin hawatafungwa. Ndoto hiyo." Wa pili alikuwa na nadharia: Nigeria imekwisha fuzu, haina haja na mechi, wachezaji wake watacheza huku wakiwaza ndege ya kurudi Ulaya. Hiyo, naomba ukubali, ilikuwa hoja nzuri. Haikuwa ndoto. Mashabiki hodari huanza hapo, kwa kuuliza nani ana haja na nani hana.

Mzee alisubiri chai yake ipoe. Kisha akasema, "Mwaka 2003 walisema vivyo hivyo."

Vijana wakatabasamu. Mzee hulitaja 2003 kama wengine wanavyotaja harusi zao. Nawe inakupasa uijue habari hiyo, kwa kuwa hutaweza kukaa na shabiki yeyote wa Rwanda mwenye mvi bila kuisikia. Kundi lilikuwa la timu 3: Ghana, Uganda na Rwanda. Tulifungwa 4-2 na Ghana ugenini, tukatoka 0-0 na Uganda nyumbani. Mechi 2, alama 1. Tarehe 7 Juni 2003 timu ikaenda Kampala, Uwanja wa Namboole. Fikiri hali ilivyokuwa: miaka mitatu tu nyuma, majeshi ya nchi hizi mbili yalikuwa yamepigana mjini Kisangani, katika ardhi ya Kongo isiyo ya yeyote kati yao. Mchezo ukaingiwa na ghadhabu; wachezaji wakagombana uwanjani kwa madai ya uchawi golini. Jimmy Gatete, damu ikimtoka na kichwa kimefungwa bendeji, akafunga bao pekee. Rwanda 1, Uganda 0.

Baada ya hapo Uganda na Ghana zikatoka sare ya 1-1, ikabaki mechi moja tu, Rwanda na Ghana, tarehe 6 Julai katika Uwanja wa Amahoro. Uganda ilikuwa imemaliza na alama 5. Ghana 4, Rwanda 4. Ukipenda hesabu, simama hapa kidogo. Sare ingeziacha timu zote 3 na alama 5, na kwa tofauti ya mabao Ghana ilikuwa mbele ya wote. Kwa hiyo sare ilikuwa ya Ghana. Rwanda ilipaswa kushinda, na ushindi peke yake ungetosha bila msaada wa mtu. Gatete akafunga tena. Rwanda 1, Ghana 0. Nchi ikaenda Tunisia mwaka 2004, ikafungwa na wenyeji 2-1, ikatoka 1-1 na Guinea, ikaifunga Kongo 1-0, ikarudi nyumbani. Ilikuwa mara yetu ya kwanza. Hadi ninapoandika, ndiyo mara ya pekee.

Nami nikafanya kosa la kialimu. Nikamwambia Mzee, mbele ya vijana, kwamba mfano wake haufai. Mwaka 2003, nikasema, siku ya mwisho kila kitu kilikuwa mkononi mwetu. Ukishinda unafuzu, basi. Safari hii hata tukishinda mabao kumi, tunategemea Tripoli. Ni hesabu mbili tofauti. Nikaendelea, maana sikujua kunyamaza. Nikataja Marekani, ambako katika mchezo wa besiboli mshindi wa baadhi ya michujo hupatikana kwa kushinda mechi 4 kati ya 7. Mwaka uleule wa 2004 timu ya Boston Red Sox ilipoteza mechi 3 za kwanza mbele ya New York Yankees, kisha ikashinda 4 mfululizo, na baadaye ikatwaa ubingwa ambao haikuupata tangu 1918. Watu husimulia kana kwamba ni muujiza. Lakini mashabiki wa Boston, hata katika usiku wao mbaya kuliko wote, hawakuhitaji kumwomba mtu wa tatu. Walio mbele yenu ndio mnaopaswa kuwashinda, hakuna mwingine. Tumaini lao lilikuwa dogo, ila lilikuwa mali yao.

Nilidhani nimesema jambo la maana. Palikuwa kimya. Mama wa sambusa akanitazama jicho ambalo nalijua tangu utoto.

Mzee akaweka kikombe. "Mwalimu, hesabu yako naijua. Mimi sikusema tutafuzu. Nimesema 2003 walisema vivyo hivyo, nami nilikwenda. Jumatatu pia nitakuja hapa."

Sharti nikueleze jambo moja kuhusu Mzee, ambalo yeye halisemi. Uwanja wa Amahoro, ambao jina lake maana yake ni amani, ndio ambamo tangu Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maelfu ya watu walijihifadhi chini ya askari wachache wa Umoja wa Mataifa. Mzee alikuwa mmoja wao. Miaka tisa baadaye aliketi katika uwanja uleule akimtazama Gatete. Mtu wa namna hiyo, nilipaswa kufahamu, hakuwa akihitaji kufundishwa na mimi tofauti kati ya jambo lililo mkononi mwako na lisilokuwa mkononi mwako.

Jumatatu nilifika mapema, kwa aibu. Runinga ilikuwa imetolewa nje na kuwekwa juu ya kiti. Motari wa kwanza, yule aliyekata tamaa, alikuwa na kazi ya kufuatilia Tripoli kwa simu, maana mechi mbili zilikwenda pamoja. Kipindi cha kwanza kilipita bila bao Uyo, bila bao Tripoli. Dakika ya 59 Samuel Chukwueze akaifungia Nigeria. Watu kadhaa wakainuka, wakalipa, wakaondoka. Sikuwalaumu, kwa hesabu yoyote ya haki, jambo lilikuwa limekwisha.

Dakika ya 72 Mutsinzi Ange akasawazisha. Dakika ya 75 Nshuti Innocent akafunga la pili. Rwanda 2, Nigeria 1, Nigeria ikiwa kwao. Waliokuwa wameondoka wakarudi mbio. Sasa lile la kwanza, ambalo tuliliita ndoto, lilikuwa limetimia mbele ya macho yetu, na macho yote yakamgeukia kijana mwenye simu. Sijapata kuona mtu akitazamwa hivyo. Kila dakika sauti moja ilimwuliza, naye akajibu neno moja: "Sufuri." Baada ya muda akaacha kujibu, akawa anatikisa kichwa tu. Barabara nzima ya Biryogo, ambayo haikuwahi kuipenda Libya hata siku moja, ilikuwa ikiiombea Libya dua.

Tripoli iliisha 0-0. Rwanda 8, Benin 8. Benin ikaenda Morocco.

Ndugu msomaji, kilichofuata ndicho kilichonifanya nikuandikie. Hakikupita muda mrefu kabla mtu mmoja wa meza ya pili hajapaza sauti kwamba Libya imeuza mechi. Wengine wakaitikia. Wakasema Libya ilikuwa na nguvu ya kutufunga sisi Alhamisi, iweje ishindwe kuifunga Benin kwake? Neno likaanza kuota miguu, na ungaliliacha dakika kumi lingalikuwa habari iliyothibitishwa.

Aliyelizuia ni motari wa pili, yule wa nadharia. Hakupaza sauti. Aliuliza tena swali lake la Jumamosi: nani alikuwa na haja? Akahesabu kwa vidole. Libya ilikuwa na alama 4. Ingeshinda ingekuwa na 7, sawa na Benin. Na laiti Rwanda isingeishinda Nigeria, jambo ambalo dunia nzima ililitarajia, Libya ingekuwa na mlango wake yenyewe wa kufuzu. Hadi dakika ya 72 Rwanda ilikuwa inafungwa. "Kwa hiyo," akasema, "kwa sehemu kubwa ya mechi Libya walikuwa wakijipigania wao wenyewe. Mtu huuza shamba la jirani, hauzi lake." Wakacheka. Yule bwana wa meza ya pili hakukubali, lakini alishusha sauti, na tuhuma ambayo haina sauti kubwa hulala mapema.

Nimefundisha elimu ya uraia pembeni mwa Kiswahili kwa muda sasa, nami nimejaribu kueleza darasani kwamba kumtuhumu mtu kunahitaji ushahidi, au angalau sababu. Wanafunzi huandika, hupata alama, husahau. Kijana yule alilifanya kwa vidole vitano, mbele ya watu wenye hasira, dhidi ya maslahi ya huzuni yake mwenyewe.

Tukarudi, basi, kwenye Alhamisi. Hapakuwa na pengine pa kwenda. Bao la Libya lilifungwa dakika ya 84, nyumbani kwetu, tukiwa tunaelekea sare. Sare ile ingalitupa alama 6, na ushindi wa Uyo ungalitufikisha 9. Benin ina 8. Motari wa kwanza aliyapiga mahesabu hayo kwenye simu ileile aliyofuatilia Tripoli, ingawa hayakuhitaji simu. Dakika sita. Mama wa sambusa akasema ndivyo anavyofilisika mtu, hafilisiki siku anayofunga duka.

Hata hapo naomba uwe mwangalifu, kwa maana kiambishi -ngali- kina hila. Husema kwa uhakika mkubwa juu ya jambo ambalo halina ushahidi wowote. Tungalitoka sare na Libya, Benin ingalijua kwamba sare ya Tripoli huenda isiitoshe; ingalishambulia; pengine ingalishinda, ikafika 10, na sisi tungalikuwa tunalia kilio kingine. Sijui jibu, wala hakuna aijuaye dunia ambayo haikutokea. Ila kuna tofauti kati ya kuililia Tripoli na kuililia Kigali, kwa sababu ya Kigali tulikuwepo sisi wenyewe.

Mzee hakuwa amesema kitu tangu mechi iishe. Nilimwendea, nikamwomba radhi kwa maneno ya Jumamosi. Akaniuliza maneno gani. Alikuwa anajua, naye alijua kwamba najua, na kwa adabu za wazee wa hapa hiyo ndiyo iliyokuwa namna yake ya kunisamehe.

Siku iliyofuata niliingia darasani na daftari la yule msichana. Nilikuwa nimeufuta mstari mwekundu, lakini wino mwekundu haufutiki vizuri, ukaacha kovu la rangi ya waridi. Nikamwambia kwamba neno lake lilikuwa sahihi na mwalimu wake alichelewa siku nne. Darasa likashangilia, kwa kuwa wanafunzi hufurahi mno mwalimu akishindwa. Kisha nikamwambia kwamba hata hivyo siwezi kumpa alama zote, kwani nilitaka sentensi yenye sharti, na "tungalifuzu" peke yake haina sharti. Ingalikuwa nini?

Akachukua kalamu, akaandika mbele yake maneno matatu. "Tungalijilinda dakika sita," ikasomeka, "tungalifuzu."

Nilimpa alama zote. Jirani yake akalalamika kwamba lao waliwekewa mstari mwekundu kwa makosa madogo kuliko hayo, tukabishana hadi kengele.

Jioni nilipita Biryogo. Runinga ilikuwa imerudishwa ndani. Mzee na motari wawili walikuwa na karatasi mezani, wameandika kundi jingine, lile la kufuzu Kombe la Dunia: Rwanda alama 7, Afrika Kusini 7, Benin 7, Rwanda ikiwa juu kwa tofauti ya mabao. Machi 2025 Nigeria ingekuja Amahoro. Waliniita nije kuhesabu.